Macho Mawili ya Mtu Mmoja huko Mwelesa

Nchi ya Mwelesa haina vita, haina njaa, na barabara zake zinafagiwa kila asubuhi. Nayasema haya kwanza ili msomaji asidhani nina kinyongo nayo. Nilikaa huko miezi mitano. Nilikwenda kwa ajili ya jicho langu la kulia, maana la kushoto lilikuwa limekwisha kufa.

Ugonjwa wenyewe kwetu tunauita vikope. Unaanza utotoni, kwa nzi na uso usionawishwa. Jicho linawasha, linapoa, linawasha tena, na kila mara linaacha kovu ndani ya kope. Makovu yakishakuwa mengi kope linajikunja na nywele zake zinageukia ndani. Hapo kila ukipepesa ni kama mtu anakufagia jicho kwa chelewa. Wengi hufika hapo uzeeni. Mimi nilifika nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na mtoto wa miezi minane, Nyemo, niliyemwachia dada yangu Yudita. Siku naondoka nilikuwa nikimwona Nyemo kama mtu aliye nyuma ya chupa chafu. Nilijua jicho hili moja likienda, sitamwona tena.

Niliambiwa Mwelesa kuna wapasuaji wa kope wengi kuliko nchi yoyote duniani. Hilo ni kweli. Sikuambiwa kwamba wamegawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni Chama cha Nje. Hawa hupitisha kisu katika kope zima, kuanzia ngozi ya nje hadi ndani, kisha huugeuza ukingo na kuushona ili nywele zitazame mbele. Kundi la pili ni Chama cha Ndani. Wao hulipindua kope, hukata ule ugumu wa ndani peke yake, hugeuza na kushona, na ngozi ya nje hawaigusi. Kwa mgonjwa tofauti ni hiyo tu. Kwa watu wa Mwelesa, tofauti hiyo ndiyo dunia. Watu wa Nje huvaa mashati yao mishono ikiwa nje. Watu wa Ndani hawawezi kumenya chungwa mbele ya wageni, kwa sababu kumenya ni kuanzia nje. Binti wa huku haolewi kule. Nilipouliza shida ilianzaje, karani mmoja alinijibu kwa upole, "Dada, haikuanza. Ipo."

Ili wasiuane, waliweka Sheria ya Ulinganisho. Sheria inasema hakuna kope litakalokatwa Mwelesa isipokuwa kwa kulinganishwa: jicho moja la mgonjwa wakate watu wa Nje, la pili watu wa Ndani, na mgonjwa asiondoke nchini mpaka macho yake yaonyeshe tofauti. Siku tofauti ya kweli itakapopatikana, chama kilichoshindwa kitaweka visu chini. Na ili ushahidi usichafuke, wagonjwa wasizungumze wao kwa wao, wasije wakaambukizana majibu.

Nilifikishwa kwa Msajili Mkuu, bwana Kotongo, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Alinipindua kope kwa kidole safi, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaguna.

"Mama, una jicho moja."

"Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo maana nimewahi."

"Jicho moja halilinganishiki."

"Basi likateni tu, mheshimiwa. Upande wowote. Mimi nimeridhika."

Alinitazama kama niliyetukana. "Wewe umeridhika. Elimu je?"

Nikapewa chumba cha kusubiri uamuzi. Kilikuwa kizuri, chenye kitanda na dirisha, na ndani hamna mtu. Vyumba vyote vya Mwelesa viko hivyo, mgonjwa mmoja mmoja, na ukipishana na mwenzako koridoni mnainamisha vichwa. Wiki ya kwanza maziwa yalikuwa yakinijaa saa ambazo Nyemo hunyonya, yakaloanisha gauni. Nilimwonyesha mhudumu. Akatafuta kwenye fomu yake, akatafuta tena, akasema pole, hakuna mahali pa kuliandika hilo. Wiki ya tatu hayakujaa tena, na hilo pia halikuandikwa. Asubuhi nilikuwa nakaa dirishani na kibano changu, nang'oa nywele za kope kwa kupapasa. Zilikuwa zinarudi fupi na ngumu, na zikirudi hivyo zinachoma zaidi. Nilianza kujisemea kwa sauti ili nisisahau sauti yangu. "Mbeleje," nilikuwa najiita, "umeamkaje?" Kisha naogopa kwamba nimevunja sheria.

Siku za Jumanne wagonjwa huruhusiwa kusikiliza Baraza. Nilikwenda kwa matumaini, nikidhani hapo ndipo jambo langu litakapoamuliwa. Aliyesimama siku hiyo ni Daktari Lubasha, mkuu wa Chama cha Nje, mrefu, mishono ya shati lake ikiwa nje kama mbavu.

"Kibanio chetu kinashika kope na kulikinga jicho," alisema. "Damu kidogo, kazi inaonekana. Wenzetu wanakata gizani."

"Nyie mnachana uso wa mtu kama mnafungua gunia la mahindi!" alijibu Daktari Mwinzaga wa Chama cha Ndani, mfupi, mwepesi wa kucheka. "Kwetu ngozi haijui hata kama kisu kilipita. Na nywele hazirudi."

"Hazirudi kwa nani? Kwa mkeo?"

"Zinarudi kwa wateja wako, ndiyo maana unao wengi!"

Baraza likacheka, pande zote mbili, kicheko cha watu waliozoeana. Nikainua mkono. Spika, mtu wa adabu, akaniruhusu.

"Samahani waheshimiwa. Mimi jicho langu lililobaki kioo chake kimeanza kupata doa jeupe. Nitakatwa lini?"

Spika akanong'onezana na katibu, kisha akasema hoja yangu ni ya kugusa moyo lakini iko nje ya mada, nami nikasindikizwa kutoka. Njiani askari aliniambia taratibu, "Usijisikie vibaya, dada. Hata mimi mama yangu alitolewa."

Mwezi wa pili ulipoisha, Kotongo aliniita. Alikuwa na furaha. Idara ilikuwa imepata ufumbuzi. Kwenye benchi alikuwa amekaa bibi mmoja mwembamba, kanga imefungwa kifuani, jicho lake la kulia limekufa na la kushoto linachuruzika machozi.

"Wewe una la kulia," alisema Kotongo. "Huyu ana la kushoto. Kuanzia leo nyie ni mtu mmoja."

Tukaandikwa. Nilisoma masomo ya jioni, kwa hiyo niliweza kuifuata kalamu, ingawa kwa kufinya jicho. Jina: Mbeleje Sechelela, langu likifuatwa na lake. Umri: miaka arobaini na saba, maana mimi nina ishirini na mitatu, yeye sabini na mmoja, wakagawa katikati. Watoto: nusu.

"Nusu?" nikauliza.

"Wewe mmoja, yeye hana," alisema karani bila kuinua kichwa. "Ndiyo nusu."

Tulipewa chumba kimoja, kitanda kimoja, sahani moja na kijiko kimoja. Mlango ulipofungwa tulikaa pande mbili za kitanda, hatusemi. Kisha yule bibi akaanza kucheka, mabega yakimtikisika.

"We mtoto," alisema, "sheria inakataza wagonjwa wawili kuongea, sivyo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na sisi ni wangapi?"

Machozi yalikuwa yananitoka, na hayakuwa ya vikope. Miezi miwili nilikuwa sijaulizwa swali na mtu anayetaka jibu.

"Basi naongea peke yangu," alisema Bibi Sechelela. "Uzee una mambo. Haya, niambie nina mtoto gani huyo nusu, maana mimi sijawahi kuzaa, na leo nimepata kwa kalamu."

Nikamwambia. Nilimweleza Nyemo mpaka sauti ikakauka. Nilimweleza anavyoshika sikio lake akisinzia, na anavyomkaripia kuku. Bibi alitaka nirudie la kuku. Yeye alikuwa amefiwa na mume zamani, na kijijini kwake alikuwa amebaki na mbuzi wanne na jirani asiyeelewana naye. Alikuwa fundi wa kushona mikeka. Miaka miwili hakuwa ameuona uzi wa ukindu. Tulikuwa tunang'oana nywele za kope kwa zamu, mimi naye, kila asubuhi kwenye mwanga wa dirisha, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. "Tulia, jicho langu la kulia," alikuwa akisema. Nami namjibu, "Usinikanyage, jicho langu la kushoto."

Aliyekuwa akituletea vitambaa safi ni mwanamke wa makamo, Mama Perepetua, ambaye kazi yake ilikuwa kufua bandeji na kuchemsha vyombo vya upasuaji. Hakuwa na chama. Shati lake lilikuwa limevaliwa kama mashati yanavyovaliwa. Siku moja alipindua kope langu, akaangalia kwa muda, akasema, "Huyu aliyekuchelewesha hajali, mwanangu. Lina wiki chache."

"Wewe unajuaje, mama?" aliuliza Bibi.

Akasema zamani alikuwa mpasuaji. Alikuwa amekata macho elfu na zaidi, Nje na Ndani, vyovyote jicho lilivyotaka. Kabla ya kumgusa mtu yeyote alishona ngozi za kuku mwaka mzima mpaka mshono wake ukawa unalala sawasawa. Wagonjwa wake walipona, waliokatwa huku na waliokatwa kule, sawa kwa sawa. Ndipo vyama vyote viwili, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, vilipokubaliana jambo: Perepetua anaharibu ulinganisho. Kwa mkono wake tofauti haionekani. Akanyang'anywa kisu akapewa beseni.

"Na wao wakikata," niliuliza, "wanakata vizuri?"

"Wako wanaokata vizuri na wako wanaokata vibaya, huko na huko. Ila hilo hakuna anayelihesabu. Fomu inauliza Nje au Ndani. Haiulizi nani."

Siku ya upasuaji ilipofika tulilazwa kwenye meza mbili zilizosogezwa zikagusana, maana sisi tulikuwa mtu mmoja. Kura ilikuwa imempa Mwinzaga jicho la kulia, Lubasha la kushoto. Tukachomwa sindano za ganzi, mimi kwenye kope langu, Bibi kwenye lake. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Ndipo Lubasha akauliza nani anatangulia kukata.

Mwinzaga akasema atangulie yeye, maana kulia hutangulia. Lubasha akasema huo ni upendeleo wa wazi, atakayetangulia atakuwa na mwanga mzuri zaidi. Walibishana kwa heshima, wakaitana mheshimiwa, wakaitana msomi, kisha wakaitana mambo mengine. Mwishowe wakavua glavu wakaondoka na wasaidizi wao wote kwenda kuuliza Baraza. Nilisikia viatu vyao vinaisha koridoni.

"Wamekwenda?" aliuliza Bibi.

"Wamekwenda."

"Na ganzi?"

Nilikuwa tayari naihisi ikiisha. Pembeni mwa kope palianza kuwasha kidogo kidogo. Nilifikiria doa lile jeupe. Niliwaza itachukua miezi mingapi mpaka kura nyingine, na kama wakati huo kutakuwa na kitu cha kukata. Bibi akanyoosha mkono akanishika kidole kimoja.

Mama Perepetua aliingia kuchukua vitambaa. Alituona. Aliangalia mlango, akaangalia karatasi iliyobandikwa ukutani: kulia Ndani, kushoto Nje. Alinawa mikono kwa muda mrefu sana, mpaka viwikoni, akavaa glavu, akachukua sindano ya ganzi, akanijia.

Ninachokumbuka ni pumzi yake, polepole kama ya mtu anayetunga shanga. "Tazama miguu yako, mwanangu. Hapo hapo. Usitazame kwingine." Alinimaliza akahamia kwa Bibi. Alipofunga uzi wa mwisho saa sita ilikuwa haijafika. Akatufunika macho, akabeba vitambaa vyake, akatoka.

Wapasuaji walirudi baada ya chakula cha mchana na azimio la Baraza. Mwinzaga akainua kitambaa changu, akaona mshono wa Ndani uliotulia. Lubasha akainua cha Bibi, akaona wa Nje. Kila mmoja akamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni, kila mmoja akadhani msaidizi wake amechepuka akamwahi adui. Wakaweka sahihi.

Siku ya nane nyuzi zilitolewa. Nilifungua jicho nikasubiri chelewa ipite. Haikupita. Nilipepesa mara ya pili, ya tatu, nikaendelea kupepesa kama mwendawazimu. Bibi naye. Baada ya wiki mbili aliomba sindano na uzi kwa Mama Perepetua, akasogea dirishani, akautia uzi tunduni mara ya kwanza tu. Akautoa, akautia tena. "Jicho langu la kulia," aliniambia, "umeiona hiyo?" Niliiona. Niliona mpaka vinyuzi vidogo vya ule uzi.

Lakini sasa tulikuwa mtu mmoja aliyepona macho yote mawili, na hilo Mwelesa ni balaa. Kamati ilikuja na lenzi. Ikahesabu nywele zinazogusa jicho: kulia sifuri, kushoto sifuri. Hakuna tofauti. Kotongo alitutembeza mwenyewe kwenye Ukumbi wa Ulinganisho kutuonyesha tutakapokaa. Watu kama mia mbili walikuwa wamekaa kwenye viti, macho yao maangavu, kila mmoja na kibao kifuani, hawaongei. Wengine walikuwa na mvi walizozipatia humo.

"Mpaka lini, mheshimiwa?" niliuliza.

"Mpaka tofauti itokee. Kwa wengine hutokea baada ya miaka kumi. Mvumilivu ni yule anayependa elimu."

Nilihesabu. Nyemo atakuwa na miaka kumi na moja.

Sheria ilibakiza mlango mmoja. Kabla ya kupewa kiti, mgonjwa huulizwa mara moja tu, mbele ya Baraza, jicho lipi ni bora. Sote wawili tulijua kwamba jibu ni sawa. Nilikuwa nimelipanga kichwani: waheshimiwa, ni sawa, na aliyefanya yawe sawa mmempa beseni. Nilipanga kulisema vizuri, nikiamini kwamba watu waliosoma wakiambiwa jambo kwa utaratibu watalielewa.

Spika aliuliza swali. Kabla sijafungua mdomo, Bibi Sechelela akasimama.

"La kulia ni zima kabisa," alisema kwa sauti kubwa. "Hili la kushoto, waheshimiwa, linachoma kama limetiwa pilipili. Na naona ukungu. Wewe hapo mbele nakuona kama mtungi."

Baraza lilinguruma. Mwinzaga aliruka juu ya kiti chake. Spika alipiga meza, akanigeukia. "Nusu ya kulia, unakubaliana na nusu ya kushoto?"

Nilimwangalia Bibi. Alikuwa amenikazia lile jicho moja, kavu, angavu. Hakunikonyeza. Alikuwa ananisubiri tu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga mzigo.

"Nakubali," nilisema.

Hivyo ndivyo nchi ya Mwelesa ilivyopata ukweli wake. Watu wa Ndani walipiga ngoma hadi barabara ya mwisho. Visu vya watu wa Nje vilikusanywa kwenye kapu, pamoja na vya wale waliokuwa wakivitumia vizuri. Baadaye nilisikia kwamba wagonjwa waliokuwa wamepangiwa kwa wapasuaji hao walirudishwa vyumbani kusubiri upya. Sijui ni wangapi. Neno nililolisema ni moja, na ni langu. Siwezi kumwachia Bibi.

Hukumu iligawa yule mtu mmoja katikati. Nusu iliyopona iende kwao. Nusu iliyoharibika ibaki ukumbini, ionyeshwe wanafunzi. Na kwa kuwa sasa amekuwa mgonjwa mmoja kamili, Bibi Sechelela asiongee na mwingine.

Walitupa muda mfupi getini. Nilitaka kurudi ndani nikaseme yote. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuijua.

"We mtoto usinichekeshe. Mimi nina mbuzi wanne, tena mmoja kipofu kuliko mimi. Wewe una nani?"

"Watakunyima kuongea, Bibi."

"Perepetua hayumo kwenye sheria yao. Na mkeka nitashona, naona uzi. Watakuja wanafunzi, nitawaangalia vizuri nyuso zao nikiwaambia sioni." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Umwoshe uso. Kila asubuhi, kwa maji na sabuni, hata akilia. Mtoto wangu nusu asije huku."

Askari akafunga geti. Nilisimama upande wa pili nikiwa na umri wangu wote na mtoto wangu mzima.

Nilifika nyumbani mchana. Yudita alikuwa anaanua nguo, na nyuma ya sketi yake alikuwa amesimama mtu mdogo, kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimemwacha akilijua. Nilimwona kuanzia mlangoni. Niliona vumbi kwenye nyusi zake, kovu jipya juu ya goti, na makamasi. Nikaita jina lake. Akaficha uso kwenye sketi ya Yudita, akalia.

"Hakujui," alisema dada, kwa huzuni. "Subiri kidogo, mama Nyemo."

Nikakaa chini, mbali kidogo, nikaweka mikono mapajani ili asiogope. Alichungulia, akajificha, akachungulia tena. Sikupepesa. Nilikuwa na jicho la kumsubiria.